Kamioneti ya Kuuzia Sindano

Mimi nilikuwa muuza sindano. Niseme pia uzi, vifungo na chaki za mafundi cherehani, ili usinidharau mapema. Duka langu la Kasongo lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja akiingia, mimi nilitoka nje ili apate nafasi ya kugeuka. Siku za kwenda kuuza vijijini, mali yangu yote ilikaa ndani ya sanduku moja nyuma ya baiskeli, na bado palibaki nafasi ya kufunga kuku. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenunua kamioneti.

Tena si kamioneti ya aibu. Ilikuwa imetoka Amerika, ya kijani, pua ndefu, na huko nyuma ng'ombe wangeweza kulala wakanyoosha miguu. Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga biashara yake ndiye aliyeniuzia. Bei usiniulize. Kwa kuwa mimi ni mfupi, nilikalia gunia lililokunjwa ndipo nikaona njia, na watu wa sokoni wakiniona napita walisema motokari ya Mgiriki imekumbuka kwao, inajiendea yenyewe.

Niliihitaji ya nini? Miaka ile, baada ya vita vya wazungu, kila mtu wa Kasongo aliyejua kuandika jina lake alitaka aitwe mtu wa maendeleo. Karani wa posta alinunua gramafoni. Mwalimu mmoja alivaa kofia ngumu ya kizungu hata akiwa ndani anakula. Nikasema, ngoja niwafunge midomo hawa. Nikawafunga kweli, kwa juma moja hivi. Baada ya hapo midomo ikafunguka tena, na kila uliofunguka ulikuwa unaomba kubebewa kitu. Nilibeba ndizi za mashemeji, mabati ya padri, wanakwaya wa parokia, na maiti za koo nisizozijua. Sindano zangu zilikaa kiti cha mbele, pembeni yangu, kama mgeni wa heshima.

Na mvua ikinyesha, kamioneti haikwenda popote. Ndiyo ilikuwa amri ya Leta, maana yake serikali ya Wabelgiji: mvua ikipiga, mti wa kizuizi unashushwa kufunga barabara, na magari yanangoja mpaka udongo ukauke. Basi nilingoja. Wenye baiskeli walipita pembeni ya mti wakinisalimia kwa adabu, na siku moja nikaona mmoja wao amefunga sanduku la sindano.

"Ndugu Placide," aliniambia rafiki yangu Kasimu, fundi cherehani, siku niliporudi nimechafuka matope mpaka masikioni, "ukubwa wa pua hapana wingi wa kamasi. Hii mizigo yako ilikuwa inaenea kwa kinga."

"Kinga ni baiskeli ya watu wa jana," nikamjibu. "Mutu anatakiwa aende mbele."

"Mbele wapi? Weye ulikuwa unakaa pa ule muti toka asubui."

Hayo yote ningeyameza. Lakini alikuwapo Sidonie.

Sidonie alikuja Kasongo kujifunza kushona kwa masista, na uzi alinunua kwangu. Alikuwa na tabia ya kukata uzi kwa meno huku anakutazama usoni, na kama umesema upuuzi alicheka hapo hapo, hakungoja utoke. Mimi nilisema upuuzi mwingi. Nilimpenda hata chakula kikanishinda, wala sioni haya kulisema. Alipomaliza mafunzo akarudi kwao, upande wa Wamaza, na kabla ya kuondoka aliniambia, "Kama unanitaka, baba yangu iko kule. Miguu unayo."

Wakati huo nilikuwa sijanunua ule upumbavu wa kijani. Tulikwenda na Kasimu, yeye akiwa mshenga wangu, tukasukuma baiskeli mpaka kwao. Baba yake aliitwa Jean-Baptiste, mzee mkavu, mwenye macho ya mtu anayepima mbao. Alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akatoa neno ambalo kila mkwe wa nchi ile analijua.

"Kiangazi urudi na mikono yako," alisema. "Utanifyekea shamba ya mupunga. Nikiona kazi, tutaongea."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkwe huja, hulala kwa wakwe, hula wanachokula, hufyeka, nao wanamtazama: je, anaacha visiki? Ananung'unika? Anawasalimia mashangazi? Wakiridhika, anapewa mke. Wasiporidhika, anapewa kuku wa njiani na kuagwa. Mimi sikutaka kuku.

Sasa nieleze mahali penyewe, maana kosa langu lilizaliwa hapo. Kwa macho ya Leta, ukoo wa Jean-Baptiste ulikaa kando ya barabara kubwa, kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama walivyoamriwa. Ukifika hapo ulikuta milango mitupu na mbuzi. Watu wenyewe walikaa ndani, ng'ambo ya kijito chenye matope, kwenye mashamba ya mababu zao, na njia ya kufika huko ilikuwa nyembamba, ya kutanguliza mguu mmoja na kuombea wa pili. Mimi niliitazama njia ile nikawaonea huruma. Nikasema maskini, watu wazuri hivi, hawajapata barabara.

Kiangazi kilipofika nilikuwa tayari na kamioneti, na akili yangu ilikuwa imekwisha kuniaga. Sitakwenda kwa wakwe nasukuma baiskeli. Nitaingia mpaka uani nimekaa juu, na maendeleo yataingia pamoja nami.

"Muzee aliomba mikono," Kasimu akanikumbusha.

"Si mikono ndiyo inashika usukani?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilipofika kwenye zile nyumba za barabarani, nikawakusanya vijana wa vijiji vya jirani, nikawapa chumvi, na wake zao nikawapa sindano, wakanipanulia ile njia. Walifyeka, wakang'oa visiki, wakalaza magogo kwenye kijito. Mmoja akaniuliza kama mzee anajua. Nikamwambia hii ni zawadi, na zawadi haitangazwi.

Siku ya kuingia nilivaa koti. Tukapita juu ya magogo, Kasimu amefumba macho anasoma dua, nami nikapiga honi ndefu ili Sidonie apate nafasi ya kutoka nje na kuniona vizuri.

Hakutoka mtu. Moto ulikuwa unawaka, chungu cha sombe, majani ya muhogo, kinachemka, mchi umeachwa ndani ya kinu. Hata kuku hawakuwapo. Mimi nikadhani wamekwenda kuvaa nguo nzuri. Kwa hiyo nikapiga honi tena, nyingi, kuwahimiza.

Mlangoni mwa nyumba ya mwisho alikaa mama mzee, mguu wake mmoja umevimba. Nilimfahamu: ni Cécilia, dada wa Jean-Baptiste, shangazi wa Sidonie. Alikuwa amefumba macho, anasema maneno kama mtu anayesali rozari.

"Bwana, wanaume walikufa wote. Mi niko mugonjwa. Pamba haioti hapa, tulijaribu. Wanaume walikufa wote."

"Shangazi, ni mimi. Placide."

Akafumbua jicho moja. "Placide wa sindano?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tulikukosea nini?"

Ndipo Kasimu, aliyekuwa amekwisha elewa, akanishika mkono na kuuondoa kwenye honi. Kwa watu wale mlio wa motokari ulikuwa na maana chache, na hakuna hata moja iliyohusu ndoa. Ni kodi. Ni watu wa kuchukua vijana kupeleka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Ni mzungu wa pamba, anayekuja na kamba kupima shamba lako na kukuambia ung'oe mpunga upande pamba, na usipopanda unafungwa. Walihamia ng'ambo ya kijito ili wasisikie mlio huo. Mimi nikawaletea mpaka jikoni, na honi juu.

Walirudi jua likielekea kuzama, mmoja mmoja. Sidonie alikuwa amekwaruzwa shavuni na miiba. Alinitazama, akaitazama kamioneti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. Jean-Baptiste alitokea wa mwisho, shati limechanika, kuku chini ya kwapa.

"Nani alikata hii njia?"

"Mimi, baba. Ni zawadi."

Aliitazama ile njia, pana, safi, imenyooka, kazi nzuri kabisa. Kisha akanitazama mimi.

"Weye unafikiri mi sina panga?" akauliza.

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Alimweka kuku chini na kuniambia kesho niingie shambani.

Nikaingia shambani. Nilifyeka mpaka mikono ikatoa malengelenge, nikawasalimia mashangazi wote hata waliokuwa wamenipa kisogo. Chakula nililetewa, maneno hapana. Nikawaza, basi niwaletee chumvi, pengine chumvi itanisemea. Nikachukua kamioneti nikatoka nayo mpaka barabara kubwa. Unaona? Kwa kutafuta chumvi ya kibaba, nilikwenda na kamioneti nzima.

Barabarani nikamkuta mzungu wa pamba mwenyewe, amesimamisha gari lake mbele ya njia yangu, anaitazama kama mtu aliyeokota saa. Alikuwa mnene, uso mwekundu, na alisema Kiswahili cha kuamrisha. Watu walikuwa wamejaa pale. Alipojua njia ni yangu akanishika mkono mbele yao wote, akautikisa.

"Huyu mutu ya maendeleo!" akasema. "Huyu anafungua inchi! Inakwenda wapi, hii njia?"

Heshima hiyo niliitafuta miaka mingi. Nilikuwa nimeilipia kwa chuma cha kijani. Siku ilipokuja nilitaka kuitapika.

"Inakwenda tu porini, bwana," nikasema.

"Iko muzuri? Motokari inapita?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Neno fupi. Lakini mdomo wangu, ambao haujanisaidia siku yoyote, ukajibu kabla yangu: "Muzuri sana, bwana! Inapita mpaka uani!"

Akafurahi. Akasema keshokutwa atakuja na kamba zake, aone wanalima nini huko ndani.

Nilirudi na habari hiyo kama mtu anayerudi na nyoka mfukoni. Niliisema yote mbele ya ukoo, pamoja na habari ya mdomo wangu, kwa sababu Kasimu alikuwa ananikazia macho. Kisha wakaanza kutafuta njia ya kuiua njia.

"Tutoe magogo," alisema mmoja.

"Ataleta wafungwa wayarudishe siku ile ile," alisema Jean-Baptiste. "Tuhame tu. Kule juu, nyuma ya kilima."

"Hameni," alisema Cécilia. "Mi nilihama wakati wa vita. Nikahamishwa kando ya barabara. Nikahamia hapa. Huu muguu umemaliza kuhama. Nitabaki na mzungu, atanipima mi na kamba."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Jean-Baptiste akimtazama dada yake, kisha mpunga, kisha mikono yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyefanya hivi, kwa sababu nilitaka kuonekana nimekaa juu.

Sidonie alikuwa ameketi pembeni. Aliinua uso akaitazama kamioneti.

"Placide. Ile kitu iko na uzito?"

"Aa! Uzito?" nikasema, nikajisikia mtu tena. "Nzito ajabu! Ile ikikwama, hata kijiji kizima hakiitoi. Chuma tupu! Mgiriki aliniambia huko Amerika—"

Watu wote walikuwa wamegeuka wanaitazama kamioneti. Kisha wakageuka kukitazama kijito. Mimi niliendelea kusifia springi za nyuma. Nilikuwa wa mwisho kuelewa katika ukoo mzima, na nadhani hata kuku walinitangulia.

Nikaacha kusifia springi hapo hapo.

"Mi sikulazimishi," alisema Sidonie, taratibu. "Unaweza kurudi nayo Kasongo leo. Njia iko wazi, weye mwenyewe uliikata. Lakini weye ukienda, mi nitabaki hapa nalima pamba."

Nikaingia ndani ya kamioneti, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia langu. Nilijaribu kukumbuka mahali pamoja ambapo gari hili lilinifikisha na baiskeli isingeweza. Nikapapata pamoja tu: hapa, uani kwa watu waliokuwa wamekimbia. Nikawasha injini.

Wanaume walikwisha ondoa magogo ya katikati. Kijito kilikuwa kimebanwa na kingo mbili za udongo mgumu, na pande zote zilizobaki ni kinamasi, mtu anazama mpaka kifuani. Nikasimama ukingoni.

"Maji ukiyavulia nguo," nikamwambia Kasimu, "huna budi kuyaoga."

"Basi vua na koti," akasema, akateremka.

Nikaingia. Pua ikazama, matope yakapanda mpaka kwenye taa, injini ikakohoa na kunyamaza. Lakini kamioneti ile ilikuwa na kiburi kama mwenyewe, haikutaka kuzama ikaisha. Ikabidi watu wapande nyuma kuirukia ishuke. Vijana wakapanda, wanawake wakapanda, wakaruka na kuimba wimbo wa kutwanga, na mimi katikati yao, naruka juu ya mali yangu. Sidonie alikuwa anaruka mbele yangu. Sasa alikuwa anacheka. Ikashuka na kukaa pale, imejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, kama kizibo kwenye chupa.

Keshokutwa yake mzungu akaja na kamba zake. Alinikuta nimeketi ukingoni upande wa barabara, nalia. Tulikuwa tumekubaliana nijifanye nalia, lakini sikuhitaji kujifanya. Niliona kioo cha mbele kimejaa vyura, na machozi yakashuka yenyewe, makubwa, ya mtu mzima.

Mzungu akaniweka mkono begani. Akatazama kamioneti, akatazama kinamasi, akatazama viatu vyake.

"Pole," akasema. "Pole sana. Hii njia mubaya. Na weye hapana jua kuendesha."

Hapo nililia zaidi, kwa uchungu. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile! Lakini safari hii mdomo wangu ulinyamaza. Akasema baada ya mvua ataleta gari kubwa la kuivuta, akageuza lake akaenda. Mvua ikaja, gari la kuvuta halikuja, na mwaka uliofuata yeye akahamishwa. Nalisema sasa ili usiwe na wasiwasi. Watu wa ukoo wakawa wanavuka kijito kwa kupita juu ya paa la kamioneti, miguu mikavu, mizigo kichwani. Mimi nilikuwa wa kwanza kuvuka hivyo, siku ile ile, nikapokewa na Jean-Baptiste na panga mkononi, maana shamba lilikuwa halijaisha.

Nikalimaliza. Alilizunguka lote, akapiga kisiki kimoja kwa mguu, akanirudisha nikakitoa. Jioni hiyo wakapika mchele na kuku, akanipa Sidonie mbele ya ukoo, kwa maneno machache, na Kasimu akajibu kwa maneno mengi. Nilikuwa na furaha hata sikusikia nilichokula. Sitembei na mali tena, nikawaza. Natembea na mke, kwa miguu, mpaka Kasongo.

Wakati wa kunawa mikono, shangazi Cécilia akanivuta shati. Nikainama, nikijua ataniombea baraka, au atanitania kama mashangazi wanavyowatania wakwe.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hapa tumepona. Lakini ndugu zangu wa upande wa Lusangi, nao walikatiwa njia mwaka jana. Wanalima pamba mpaka watoto. Kule mutoni kwao ni padogo tu, kama hapa." Akatazama huku na huku. "Weye hauna motokari ingine?"

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia hapana, shangazi, nilikuwa nayo hiyo moja.